Alama za Tovuti, Uhakiki wa Filamu na Mtazamaji wa Mwambao: Mtazamo kutoka Gatete na Rumonge

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna alama za filamu zinavyopatikana katika tovuti zinazokusanya tahakiki, kisha inahoji iwapo alama hizo zinafaa kumwongoza mtazamaji wa Kiswahili katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika. Hoja yake kuu ni kwamba alama hupima makubaliano ya wahakiki kuhusu matini moja, ilhali mtazamaji wa mwambao mara nyingi huangalia matini nyingine, yaani filamu iliyosimuliwa upya kwa lugha anayoielewa. Kwa watunga sera, makala inapendekeza kuimarishwa kwa uhakiki wa Kiswahili na Kirundi badala ya kuazimwa kwa tarakimu za kigeni.

Utangulizi

Mvuvi wa ndagala huko Rumonge huvua kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu taa haiwavuti samaki, mitumbwi hupumzishwa, na ndipo watu wapatapo nafasi ya kukaa katika banda la video. Kiingilio ni kidogo, lakini ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mtu ambaye usiku huo hakuingiza kitu. Kwa hiyo swali lake mlangoni, iwapo filamu ya leo inafaa, ni swali la kiuchumi kabla halijawa la kisanaa.

Mtazamaji wa Paris au Chicago hujibiwa swali hilo kwa tarakimu. Hufungua simu, akaona asilimia au nyota, akaamua. Simu hizo sasa zimefika Gatete pia, na pamoja nazo kimekuja kishawishi cha kuzichukua tarakimu hizo kama hukumu iliyokwisha kutolewa. Kishawishi hicho hakimkabili mtazamaji peke yake. Afisa anayechagua filamu za kurushwa hewani, mwalimu anayetafuta filamu ya darasani na mshauri anayependekeza kazi za kufadhiliwa, wote huona wepesi wa kutaja namba ambayo hakuna atakayeihoji.

Namba hiyo hutoka wapi

Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, ndiyo inayotajwa zaidi. Asilimia yake hueleweka vibaya mara kwa mara, hata na wasomi. Kila tahakiki huhesabiwa kuwa chanya au hasi, kisha huhesabiwa sehemu ya zile chanya. Ikifika 60 kwa mia, filamu huhesabiwa kuwa imefaulu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wahakiki kumi wanaiona filamu ya kwanza, na kila mmoja anasema kwamba si mbaya, inatazamika. Filamu hiyo inapata asilimia 100. Filamu ya pili wanaiona wahakiki kumi walewale. Sita wanasema ni kazi ya pekee iliyowakosesha usingizi, na wanne wanasema imewachosha. Hiyo inapata asilimia 60. Anayesoma namba peke yake ataiona ya kwanza kuwa bora mno, ilhali hakuna hata mhakiki mmoja aliyeipenda kwa moyo. Tarakimu inapima kukubaliana, nayo filamu isiyomuudhi mtu ina nafasi kubwa ya kukubalika kuliko ile iliyothubutu.

Metacritic, iliyoanza mwaka 2001, hufuata njia nyingine: hugeuza kila tahakiki kuwa alama kati ya sifuri na mia, kisha hutafuta wastani ambamo baadhi ya vyombo hupewa uzito zaidi bila umma kuelezwa ni uzito kiasi gani. IMDb hutegemea kura za watazamaji wenyewe. Wasomi wengi wa Burundi, kwa kuwa husoma Kifaransa, hukutana kwanza na nyota za AlloCiné, ambayo walau huweka wastani wa magazeti na wastani wa watazamaji kando kando, msomaji akaona pale ambapo makundi hayo mawili yanatofautiana. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo humfaa msomaji kuliko wastani wowote kati ya hizo mbili.

Yapo pia maswali ya umiliki na uwakilishi. Mwaka 2016 Rotten Tomatoes ilinunuliwa na Fandango, kampuni inayouza tiketi za sinema. Mwaka 2018 watafiti wa Annenberg Inclusion Initiative katika Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza tahakiki za filamu 100 zilizoongoza kwa mapato mwaka 2017, wakakuta kwamba takribani asilimia 78 ziliandikwa na wanaume na asilimia 82 na wazungu. Tovuti yenyewe ililegeza masharti yake mwaka huohuo ili kuwaingiza wahakiki wa aina nyingine. Kuhusu kura za umma, mwaka 2019 ilibidi izuie maoni ya watu kuhusu filamu ambazo zilikuwa hazijaanza kuonyeshwa, kwa kuwa makundi yalikuwa yakizishusha filamu kwa chuki kabla ya yeyote kuziona.

Matini mbili, alama moja

Hata kama kasoro hizo zingeondolewa, lingebaki tatizo ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani hawana sababu ya kulifikiria. Filamu ya kigeni inayoonyeshwa katika banda la video la Afrika Mashariki aghalabu si ile iliyohakikiwa. Juu yake imewekwa sauti ya msimulizi. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kama Lufufu, alijipatia jina kwa kazi hiyo ya kuzifasiri na kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Uganda ina VJ Jingo na wenzake wanaosimulia kwa Kiganda. Nchini Rwanda filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, neno linalotokana na kitenzi cha Kinyarwanda chenye maana ya kueleza. Jina hilo linasema wazi kwamba mtazamaji analipia maelezo pamoja na picha.

Msimulizi hafasiri maneno tu. Huwapa wahusika majina ya mtaani, hukejeli uamuzi wa kijinga wa shujaa, huonya kabla ya hatari, huingiza methali, na pale ambapo filamu imezubaa hujaza ukimya kwa hadithi yake mwenyewe. Filamu dhaifu huweza kuokolewa na msimulizi hodari. Na filamu inayosifiwa kwa ukimya wake huweza kuharibiwa kabisa na sauti isiyonyamaza. Alama ya tovuti haijui lolote kati ya hayo.

Mfano ulio bora zaidi ni filamu ya Uganda, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa mwaka 2010 na Nabwana I.G.G. katika mtaa wa Wakaliga, Kampala. Toleo lililoenea duniani kupitia intaneti lina sauti ya VJ Emmie tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ndiyo iliyowavutia watazamaji wengi wa nje. Mhakiki wa kigeni anayeisifu filamu hiyo anamsifu msimulizi pia. Basi kwa nini kazi ya msimulizi ihesabiwe pale inapouzwa ng'ambo, na ipuuzwe tunapoijadili hapa kwetu?

Rumonge na lugha ya kutazamia

Kiswahili cha mwambao huu kina historia zaidi ya moja. Ipo ya biashara ya ziwani na ya mitaa ya Waislamu. Ipo pia ya ukimbizi. Familia nyingi zilizokimbia eneo hili mwaka 1972 ziliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu nchini Tanzania, na watoto wao walisoma shule kwa Kiswahili. Waliorejea walirudi na lugha hiyo pamoja na mazoea ya kutazama yaliyojengwa ndani yake. Kwao filamu za Bongo, zikiwemo za Steven Kanumba aliyefariki mwaka 2012, ni filamu za nyumbani kwa maana fulani, ingawa zimetengenezwa nchi jirani.

Filamu hizo, kwa sehemu kubwa, hazina alama yoyote katika tovuti tulizozitaja, au zina kura chache zisizotosha kusema kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa sinema ya Burundi yenyewe. Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ya mwaka 1992, inamhusu kijana aliyerudi kutoka Paris na shahada akidhani uwaziri unamsubiri. Mtazamaji wa Rumonge hahitaji mhakiki wa New York kumweleza kama kichekesho hicho kinagusa. Hatari iko hapa: katika mfumo unaoongozwa na tarakimu, filamu isiyo na alama husomwa kama filamu isiyo na thamani. Afisa akiamua kwamba filamu za maktaba au za televisheni ya umma lazima ziwe na alama ya kiwango fulani, atakuwa ameziondoa kazi za Kirundi na nyingi za Kiswahili bila kuziona na bila kutamka neno baya juu yake.

Je, mhakiki hana kazi?

Haifuati kwamba wahakiki waachwe. Mhakiki mzuri humwokolea maskini fedha yake, na huweza kuinua filamu isiyo na bajeti ya matangazo. Ninachokipinga ni kumtenga mhakiki na sababu zake. Tahakiki yenye hoja huweza kumwongoza hata msomaji asiyekubaliana nayo: mhakiki akilalamika kwamba filamu ina nyimbo nyingi na machozi mengi, mpenzi wa filamu za Kihindi ameshajua kwamba hiyo ni yake. Asilimia haimpi nafasi hiyo.

Kiswahili kina mapokeo imara ya uhakiki wa fasihi. Mwanafunzi wa sekondari Tanzania au Kenya anajua kuchambua fani na maudhui ya riwaya. Lakini filamu haikupewa nafasi katika mapokeo hayo, isipokuwa inapoegemea kitabu. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ilivuta macho ya wasomi wetu kwa kuwa riwaya ya Adam Shafi ilikuwa tayari mikononi mwao. Filamu isiyo na riwaya nyuma yake hubaki yatima. Shirikisho la Afrika la Wahakiki wa Filamu, lililoundwa mwaka 2004, limefanya kazi ya maana kupitia tovuti yake ya Africiné, lakini kazi hiyo hufanyika hasa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Kwa mwambao wa Tanganyika, chombo kinachofaa zaidi ni redio. Rumonge ina redio ya jamii, Izere FM, na redio ya taifa hutangaza pia kwa Kiswahili. Dakika kumi za wiki zingetosha kusema filamu gani iko mabandani, imesimuliwa na nani, usimulizi wake ukoje, ina mambo gani yasiyofaa watoto, na kwa nini msemaji ameipenda au ameichoka. Tamasha la FESTICAB, lililoanzishwa mwaka 2009, lingeweza kuwa mahali pa kuwafunza vijana wa kazi hiyo, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ingeweza kusaidia istilahi, kwani hata sisi katika makala hii tumehangaika kutafuta maneno.

Kuna kikwazo kimoja ambacho mshauri wa sera hatakiwi kukikwepa. Nakala nyingi zinazosimuliwa hazina idhini ya wenye haki. Redio ya umma itakayohakiki usimulizi huo itakuwa inatangaza bidhaa ambayo sheria ya hakimiliki haiitambui, na msimulizi atakayetajwa kwa jina hewani anaweza kujikuta akiulizwa maswali asiyoweza kuyajibu. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, nchi wanachama zingepaswa kukubaliana juu ya leseni nafuu ya usimulizi, inayomlipa mwenye filamu kiasi anachokimudu mwenye banda.