Unanunua mtumbwi? Dai usajili kabla ya leseni

MWAKA jana, kwenye mwalo mmoja wa Sengerema, nilimkuta mkulima wa mpunga aliyekuwa ameuza mavuno yake akanunua mtumbwi wa dagaa kwa Sh milioni 3.5. Muuzaji alimkabidhi leseni ya uvuvi ya chombo hicho, wakapeana mikono. Injini aliinunua dukani. Miezi mitatu baadaye akaja mtu mwingine na cheti cha usajili mkononi. Mtumbwi ulikuwa wake; muuzaji alikuwa ameukodi tu.

Wengi wetu huyachukulia maneno haya mawili kuwa kitu kimoja. Usajili unaeleza chombo ni kipi na mwenyewe ni nani. Leseni inaruhusu kazi, tena kwa muda. Ikiisha unakata nyingine. Hakuna anayenunua gari kwa kuonyeshwa leseni ya daladala; kila mtu anadai kadi. Sijui kwa nini tukifika ziwani tunasahau.

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai vyote viwili: chombo cha uvuvi kisajiliwe na kiwe na leseni. Aidha, leseni ya chombo haimfuniki mvuvi. Naye anatakiwa kuwa na yake, jambo ambalo matajiri wengi wenye mitumbwi hulikumbuka siku ya doria.

Wenye boti za starehe nao huchanganya. Boti ya kutembeza familia, isiyovua, haina haja ya leseni ya uvuvi. Hata hivyo, hilo haliondoi suala la usajili na ukaguzi wa usalama. Kwa Bara, ofisi ya kuuliza ni TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017 na kurithi kazi ya usalama wa vyombo vya majini kutoka SUMATRA. Zanzibar ina mamlaka yake. Na siku utakapoanza kutoza watalii nauli, boti hiyo imekuwa ya biashara. Kaulize masharti upya.

Tuje kwenye fedha. Chombo kisicho na hati huuzwa kwa bei nafuu, na hapo ndipo mkulima anaponaswa. Tuseme umepunguziwa Sh 500,000. Umeokoa hizo, lakini umeweka milioni tatu mahali ambapo huwezi kuzidai. Huwezi kuupeleka mtumbwi huo kwa mkopeshaji kama dhamana, na siku ukitaka kuuuza, mnunuzi makini atakukimbia.

Kabla ya kulipa, nenda na muuzaji kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Linganisha namba iliyoandikwa ubavuni mwa chombo na ile ya kwenye cheti, kisha uliza hatua za kubadilisha jina. Viongozi wa BMU wa mwalo huo pia waulize. Wao wanajua mtumbwi upi ni wa nani kuliko karatasi yoyote. Andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, na sehemu ya fedha ibaki mkononi mwako hadi jina libadilike. Injini idai risiti yake peke yake, kwa kuwa mara nyingi huuzwa mbali na chombo.

Yule mkulima risiti ya injini alikuwa nayo. Mtumbwi ulichukuliwa, injini akabaki nayo. Nilipoondoka ilikuwa imefunikwa kwa turubai ghalani, pembeni ya magunia ya mbegu, na mwenyewe akitafuta mtumbwi mwingine.