Nyotamkia na Jawabu la Kukokotoa

Sikilizeni, wanangu. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza alitoa kitabu kinachoeleza jinsi Jua na sayari zinavyovutana. Vikiwa viwili tu, Jua na sayari moja, hesabu ina jawabu kamili: kanuni fupi hukupa umbo la njia yote, nayo ni duaradufu. Ukiongeza cha tatu, mambo huwa magumu.

Sasa mwanafalaki Edmond Halley alikuwa ametabiri kwamba nyotamkia ya mwaka 1682 ingerudi karibu na mwisho wa 1758. Lakini njiani kuna majitu mawili, Mshtarii na Zohali, yanayoivuta na kuichelewesha. Itachelewa kiasi gani?

Huko Paris watu watatu walijifunga kibwebwe: Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Bibi Nicole-Reine Lepaute. Kanuni fupi haikuwapo, nao hawakuingoja. Waliigawa safari ya nyotamkia vipande vidogovidogo. Katika kila kipande walikokotoa imevutwa upande gani na kwa nguvu kiasi gani, wakajumlisha, wakaendelea na kinachofuata. Walihesabu kwa kalamu asubuhi hadi usiku, miezi kadhaa. Lalande alisimulia kwamba pengine walihesabu hata wakati wa kula.

Novemba 1758 Clairaut akatangaza: itafika karibu kabisa na Jua katikati ya Aprili 1759, na huenda hesabu ikakosea kwa mwezi mmoja hivi. Ikafika tarehe 13 Machi. Safari ya miaka 76, kosa la mwezi mmoja, tena kosa lililotajwa mapema!

Mwaka 1912 Karl Sundman wa Finland alipata jawabu kamili la vitu vitatu: mfululizo wa namba za kujumlisha bila kikomo. Ni kazi ya ajabu. Lakini ili kupata usahihi wanaoutaka wanafalaki, ilikadiriwa ungejumlisha namba nyingi mno: idadi yake ni 1 ikifuatwa na sifuri milioni 8. Hakuna kompyuta itakayomaliza.

Jawabu kamili hutueleza kwa nini mambo yako hivyo, na hilo tulienzi. Lakini ukamilifu peke yake haukuambii nyotamkia itafika lini. Jawabu la kukokotoa nalo ni elimu ya kweli, mradi mwenyewe aseme limekosea kwa kiasi gani. Kwa hiyo, wanangu, mkikadiria, andikeni daima na mpaka wa kosa lenu.