Mwanachuo akishtakiwa kuharibu mali, utetezi huanzia wapi?

MZAZI wa Mogitu, wilayani Hanang, anayepigiwa simu kuwa mwanawe amekamatwa chuoni kwa kuvunja vioo wakati wa mgomo, asidhani jambo hilo ni dogo. Kuharibu mali kwa makusudi kunaweza kumfunga mtu hadi miaka 7. Akidaiwa kuchoma jengo, hata maisha.

Hata hivyo, kwa Ibara ya 13 ya Katiba, mtuhumiwa hana hatia hadi ithibitike kuwa anayo, na mzigo huo ni wa upande wa mashtaka. Ni mzigo mzito. Nani hasa alirusha jiwe usiku, katikati ya kundi? Kuwapo tu pale hakutoshi.

Ndiyo maana wakili humbana shahidi kuhusu utambuzi. Katika rufaa ya Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilitaka mambo kama mwanga, umbali na muda aliotazamwa mtuhumiwa yapimwe kabla ya kumtia hatiani.

Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya sheria ya mwaka 2017. Lakini nidhamu ya chuo ni shauri jingine: aliyeachiwa na hakimu bado anaweza kukuta amefukuzwa masomo.