Dishi Lako Linaangalia Wapi? Soma Kabla ya Kumtumia Fundi Pesa

Ni Jumamosi jioni, mechi inaanza, na TV inakuambia hakuna signali. Kabla hujamtumia fundi hata mia tano, soma ile namba iliyo kwenye skrini. Kwa DStv, E16 kwa kawaida ni mambo ya malipo, kwa hivyo fungua meseji yako uangalie kama namba ya smartcard uliyoweka ni yako kweli. E48-32 ndiyo inakupeleka kwenye dishi. Kuna watu humlipa fundi apande mabati, kumbe walilipia smartcard ya mtu mwingine!

Sasa dishi lenyewe. Satelaiti ya DStv ya huku kwetu iko nyuzi 36 mashariki, kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Nairobi nayo iko karibu nyuzi 37. Maana yake, ukiwa Kibera au Kawangware, satelaiti iko karibu juu ya utosi wako. Dishi litaonekana limeinama upande kidogo kwa sababu LNB yake haikai katikati, lakini usidanganyike. Fundi akisema ghorofa jipya la jirani pale Gatina ndilo limeziba DStv, mwambie akuonyeshe. Azam ni tofauti. Hiyo iko nyuzi 7 mashariki, dishi lake linaelekea magharibi, na ukuta mrefu upande huo unaweza kuliziba kweli.

Mara nyingi shida ni ndogo zaidi: nguzo imefungwa kwenye mabati membamba na upepo unaitikisa, ama maji yameingia kwenye kiungo cha kebo. Na kama ni mvua kubwa, tulia tu. Ikipita, picha itarudi bila kulipa mtu.

Kurekebisha kunataka watu wawili, mmoja juu na mwingine mbele ya TV, wakiongea kwa simu. Sogeza dishi kidogo sana, kama upana wa kucha, halafu hesabu hadi kumi kwa sababu dekoda huchelewa kuonyesha. Fuata ubora wa signali, sio nguvu pekee. Lakini kama nyaya za stima zinapita juu ya mabati, vile ziko sehemu nyingi za Kibera, tafadhali usipande. Hapo muite fundi.

Kubalianeni bei kabla hajapanda, na umlipe picha ikishatulia. Jina likitokea kwenye simu, lisome vizuri kabla ya kukubali. Meseji ya malipo usiifute: dishi likihama tena wiki ijayo, utakuwa na siku na kiasi ulicholipa.