Tusisingizie kompyuta kabla ya kupiga hesabu

WAHENGA walinena kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii ilinijia akilini muhula uliopita nilipozuru shule moja ya upili ambayo wanafunzi wake walikuwa wakitayarisha filamu fupi kuhusu Ngome ya Yesu, ile iliyojengwa na Wareno mjini Mombasa kati ya 1593 na 1596.

Kazi yenyewe ilipendeza. Vijana walikuwa wamepiga picha kumi za ngome kwa simu, wakataka zipangwe kama zilizotandazwa mezani, kisha jicho la mtazamaji lipite juu ya kila moja ikijaza skrini, hadi lifike langoni na kusogea karibu polepole. Lakini kompyuta ilikataa. Kila walipojaribu kuitazama kazi yao, mtambo uliganda, na mara mbili ukajizima. Mwalimu wao, mtu mwenye bidii, alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuuomba uongozi wa shule uwatoze wazazi mchango wa kununua kompyuta mpya.

Nilimsihi tupige hesabu kabla barua hiyo haijapelekwa.

Simu ile ilipiga picha zenye upana wa nukta 8,000 na kimo cha nukta 6,000. Hizo ni nukta milioni 48, au pikseli kama wataalamu waziitavyo. Ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, programu za michoro ya mwendo kwa kawaida huipa kila nukta baiti nne: tatu za rangi nyekundu, kijani na buluu, na moja ya kueleza iwapo nukta hiyo inapitisha kilicho nyuma yake. Kwa hivyo picha moja hula megabaiti 192, na kumi hula karibu gigabaiti 2. Kompyuta yao ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu, ambazo pia zilihitajiwa na programu na mfumo mzima wa mtambo.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza yawezekanaje, ilhali faili ya kila picha ilikuwa megabaiti 12 pekee. Swali zuri. Faili iliyo kwenye diski ni kama nguo zilizoshindiliwa sandukuni. Udogo wa sanduku hauonyeshi nafasi ambayo nguo hizo zitachukua zikianikwa kambani.

Sasa tuitazame skrini. Filamu ilikusudiwa kuonyeshwa kwa upana wa nukta 1,920 na kimo cha 1,080. Picha inayojaza skrini bila kusogelewa haihitaji upana unaozidi 1,920; nukta za ziada hazionekani kwa jicho la yeyote, ila kompyuta huzibeba vivyo hivyo. Picha ya lango ilikuwa tofauti, kwa sababu mwishoni thuluthi moja ya upana wake ndiyo iliyotakiwa kujaza skrini. Hiyo ilihitaji 1,920 mara tatu, yaani nukta 5,760. Kanuni ni moja: tafuta pale ambapo picha itasogelewa zaidi, kisha uipime kwa kipimo cha hapo.

Tulitengeneza nakala, tisa za upana wa nukta 1,920 na moja ya 5,760. Mzigo wote ukashuka hadi megabaiti 199 hivi, takriban sehemu moja ya kumi ya ule wa awali. Picha asili hatukuzigusa, kwani picha ikipunguzwa na asili yake ikafutwa, yaliyopotea hayarudi. Aidha, lau tungezipunguza kupita kiasi, lango lingeonekana kama limefunikwa na ukungu. Kompyuta ile ile kuukuu ikaionyesha filamu yote. Barua haikupelekwa.

Sisemi kuwa shule zetu zina vifaa vya kutosha. La hasha! Lakini uhaba huo ndio unaotudai hesabu zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kumbukumbu ya kompyuta ni mali. Anayenunua mtambo mkubwa bila kujua kupima ataujaza picha kubwa zaidi kesho, na kilio kitakuwa kile kile.

Kosa, kwa maoni yangu, limo katika namna tunavyofundisha. Tunawaonyesha vijana kitufe cha kubonyeza, tukasahau kuwaeleza sababu. Kuzidisha upana kwa kimo ni hesabu ya shule ya msingi. Yafaa mwalimu wa kompyuta na mwenzake wa hisabati waketi pamoja, na kila mwanafunzi aandike daftarini kabla ya kugusa kipanya: picha itaonekana kwa upana gani, itasogelewa kwa kiasi gani, na itakula kumbukumbu ngapi.

Nanyi wanafunzi, kompyuta ikikwama, msikimbilie kuilaumu. Chukueni kalamu kwanza.