Hesabu ya shilingi pekee haipimi faida ya fedha za mayatima

KILA mwaka wa fedha unapofungwa, ofisi za serikali zinazohudumia jamii huandaa ripoti zilizosheheni tarakimu. Familia kadhaa zimesajiliwa, mamilioni ya shilingi yamelipwa, warsha kadhaa zimeandaliwa na baiskeli kadhaa zimegawiwa wahudumu wa vijijini.

Tarakimu hizo aghalabu huwa za kweli. Tatizo ni kwamba zinaeleza kilichofanywa na ofisi, wala si kilichompata mwananchi. Mlipa ushuru angependa kujua jambo jingine: Je, maisha ya aliyehudumiwa yamebadilika? Na ikiwa yamebadilika, ni huduma hiyo iliyoyabadilisha au yangebadilika hata bila ya huduma?

Wataalamu wa tathmini hutenganisha hatua tatu. Kwanza kuna kinachotolewa, yaani fedha, watumishi na vifaa. Pili kuna kazi iliyotendeka, kama vile idadi ya waliolipwa. Tatu ndiyo matokeo: mtoto aliyebaki shuleni, mlo ulioongezeka, deni lililopungua dukani. Hatua mbili za mwanzo hupatikana katika mafaili ya ofisi. Ya tatu imo nyumbani kwa watu, na kuifuata huko ni kazi ghali na ya kuchosha. Ndiyo maana wengi huishia kwenye ya pili na kuiita ya tatu.

Kenya ina mfano mmoja ambapo hatua ya tatu ilifuatwa kwa makini: mpango wa kuwapa fedha walezi wa mayatima na watoto wengine walio katika mazingira magumu.

Mpango huo ulianza kwa majaribio mnamo 2004, wakati ugonjwa wa Ukimwi ulikuwa umewaachia mabibi na mababu wengi jukumu la kulea wajukuu. Familia 500 katika Garissa, Kwale na Nairobi zilipewa Sh500 kwa mwezi. Ulipopanuliwa mnamo 2007, kiwango kilipandishwa hadi Sh1,500 kwa mwezi, malipo yakitolewa kila baada ya miezi miwili.

Upanuzi huo ndio uliotoa nafasi ya kupima. Kwa kuwa fedha hazingetosha kuwafikia wote kwa mara moja, wilaya saba ziliteuliwa kwa utafiti: Garissa, Homa Bay, Kisumu, Kwale, Migori, Nairobi na Suba. Katika kila wilaya zilichukuliwa lokesheni nne, kisha kura ikaamua ni mbili zipi zingeanza kupokea na ni mbili zipi zingesubiri. Familia za pande zote mbili zilihojiwa mnamo 2007 kabla ya malipo kuanza, zikahojiwa tena 2009, na kwa mara nyingine 2011.

Huenda kura hiyo ikaonekana kama ukatili kwa waliosubiri. Lakini wangesubiri vivyo hivyo, kwa maana mfuko haukuwa na kitu cha kuwapa. Kilichofanywa na kura ni kuhakikisha kwamba anayesubiri hasubiri kwa sababu hana jamaa katika ofisi ya chifu.

Umuhimu wa kuwa na kikundi cha kulinganisha ulidhihirika upesi. Baina ya 2007 na 2009, nchi ilipitia ghasia za baada ya uchaguzi, bei ya unga ikapanda na mvua ikakosekana katika sehemu nyingi. Afisa ambaye angelinganisha tu hali ya mlezi wa Migori mwaka wa 2007 na hali yake 2009, huenda angemkuta amezidi kubanwa, akaandika kwamba fedha za serikali zimepotea bure.

Kosa la kinyume chake pia liliwezekana. Mnamo 2008 serikali ilianza kugharimia karo ya masomo katika shule za upili za kutwa. Idadi ya wanafunzi wa sekondari ingeongezeka kwa sababu hiyo pekee, na mpango wa mayatima ungejitwalia sifa isiyo yake. Kwa vile lokesheni zilizosubiri zilipata mvua ile ile, bei zile zile na afueni ile ile ya karo, tofauti iliyobaki baina ya pande hizo mbili ndiyo ingeweza kuhesabiwa kuwa kazi ya fedha zenyewe.

Tofauti hiyo ilikuwa ya namna gani? Familia zilizolipwa zilitumia zaidi kwa chakula, na umaskini ukapungua kati yao. Katika shule za msingi hakukuwa na badiliko kubwa, jambo lisiloshangaza kwa kuwa masomo ya msingi yalikuwa bila malipo tangu 2003 na watoto wengi walikuwa tayari darasani. Katika sekondari, hata hivyo, idadi ya waliojiunga iliongezeka. Watoto wengi zaidi walipata vyeti vya kuzaliwa, nyaraka ambazo bila hizo yatima huhangaika anapotaka kufanya mtihani au kuchukua kitambulisho.

Kuhusu afya ya watoto wadogo, tathmini ya 2009 haikupata badiliko la kuonekana. Hili nalo ni jibu lenye manufaa. Shilingi 1,500 haziwezi kumpeleka muuguzi katika zahanati isiyo na muuguzi.

Jambo ambalo halikuwa limetiliwa maanani sana mwanzoni lilijitokeza katika mahojiano ya 2011. Vijana wa familia zilizolipwa walikuwa wamechelewa kuanza ngono kuliko wenzao. Watafiti waliochapisha matokeo hayo 2014 walikadiria kwamba uwezekano wa kijana kuwa ameanza ulishuka kwa asilimia 31. Hakuna karani wa malipo ambaye angeligundua jambo hilo katika daftari lake, ilhali kwa nchi iliyopoteza wazazi wengi kwa Ukimwi, huenda likawa ndilo kubwa kuliko yote.

Kipimo hicho kilifichua pia kasoro za mpango. Familia ya watu watatu ilipata kiasi sawa na familia ya watu wanane, hivyo faida ilionekana zaidi katika familia ndogo. Aidha, mfumko wa bei uliitafuna ile Sh1,500 mwaka baada ya mwaka, huku ripoti za malipo zikiendelea kuonyesha kwamba kila mlezi amepata haki yake kamili. Nyongeza hadi Sh2,000 ilikuja katika mwaka wa fedha wa 2011/2012, na kiwango hicho kikadumu kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kabisa katika hesabu za mwisho wa mwaka, nayo ni kuchelewa kwa malipo. Bibi anayelipwa Sh4,000 kila miezi miwili na yule anayengoja miezi sita ndipo apewe Sh12,000 kwa mkupuo mmoja wamepokea kiasi sawa. Kwa mhasibu wako sawa. Lakini wa pili amekwisha kukopa unga, amekwisha kuuza kuku, na pengine mjukuu amekwisha kurudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Fedha zinapofika, zinalipa madeni ya jana. Kipimo cha haki kingeuliza malipo yalifika tarehe gani, kisha kikauliza yalikuwa kiasi gani.

Si fedha pekee zinazodanganya zikihesabiwa. Katikati ya miaka ya tisini, shirika moja la misaada lilizipa shule 25 kati ya 100 za Busia na Teso vitabu vya kiada. Vitabu vilifika na kuhesabiwa. Hata hivyo, alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa hodari tangu hapo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wa watoto hao, na vilitungwa kana kwamba kila mtoto yuko sambamba na mtaala.

Hatari huzidi pale namba inapogeuzwa kuwa fimbo au zawadi. Serikali ya Kenya ilianzisha kandarasi za utendakazi mnamo 2004, ikianza na mashirika 16 ya umma, ili kila mkuu wa idara apimwe kwa malengo aliyoyatia sahihi. Nia ilikuwa njema. Lakini mtu anayejiwekea lengo mwenyewe ana kila sababu ya kuchagua lililo rahisi, na ni rahisi zaidi kuahidi mikutano 40 ya uhamasishaji kuliko kuahidi kwamba watoto 40 watakamilisha kidato cha nne.

Marekani ilikwisha kuyaona hayo. Sheria yake ya 1982 ya kuwafunza kazi watu maskini ilivituza vituo kwa kutazama ni wangapi wamepata kazi wanapomaliza mafunzo, na kwa mshahara gani. Watafiti waligundua kwamba baadhi ya mameneja walichelewesha kumwandika mtu kuwa amemaliza hadi apate kazi, au hadi wakati ambao angewaharibia hesabu kidogo zaidi. Palikuwa pia na kishawishi cha kuwachukua wale ambao wangepata kazi hata bila ya kusaidiwa, na kuwaacha waliohitaji msaada hasa.

Onyo hilo linawahusu wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 ambao serikali iliwazindua Septemba 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba ya vifaa na simu za kutumia ripoti. Wakihukumiwa kwa idadi ya nyumba walizozuru, watazuru zilizo karibu na barabara. Afadhali wafuatwe kwa swali jingine: kati ya wajawazito waliowaelekeza hospitalini, wangapi walifika, na wangapi walijifungulia huko?

Katiba ya 2010 inadai vivyo hivyo. Kifungu cha 229 kinaitaka ripoti ya ukaguzi wa hesabu ithibitishe ikiwa fedha za umma zilitumiwa kwa mujibu wa sheria na pia kwa njia yenye manufaa. Sehemu ya kwanza inajibiwa kwa risiti. Ya pili haiwezi kujibiwa kwa risiti.

Mtihani mgumu zaidi uko katika malipo ya wazee waliotimiza umri wa miaka 70, yaliyoanzishwa 2018 chini ya Inua Jamii. Kwa kuwa mpango ulikusudiwa kumfikia kila mzee wa umri huo asiyepokea pensheni, hapana lokesheni zilizosubiri ambazo mtafiti anaweza kulinganisha nazo. Njia mojawapo iliyobaki ni kuwalinganisha waliovuka 70 hivi karibuni na wale waliokaribia tu.

Hata njia hiyo inategemea umri ulioandikwa kwenye kitambulisho, na wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa walipoandikishwa, karani alikadiria. Mzee ambaye wenzake wa rika moja wamekwisha kuanza kulipwa, lakini kitambulisho chake kinasema ana miaka 66, hayumo katika orodha ya malipo. Kwa mtafiti atahesabiwa miongoni mwa vijana wa miaka 66, na kwa ripoti ya mwisho wa mwaka hatahesabiwa kamwe, kwa sababu fomu ya ofisi ina safu ya waliolipwa na haina safu ya waliostahili wakakosa.