Jua la Julai Huishia Wapi Mwiki?

Kila Julai watu wa Mwiki hufika steji alfajiri wamevaa majaketi mazito, na maelezo yanayosikika sana ni kwamba mwezi huo jua limeenda mbali. Kuna ukweli kidogo hapo. Mwanzoni mwa Julai dunia huwa kilomita milioni 152 kutoka kwenye jua, ilhali Januari huwa milioni 147. Lakini tofauti hiyo hupunguza nishati inayotufikia kwa asilimia 7 hivi tu, na Ulaya, ambako umbali ni huohuo, Julai ni kilele cha joto.

Pembe ya jua nayo haitoshi kuwa sababu. Mwiki iko kilomita 130 hivi kusini mwa ikweta. Hata Juni 21, jua likiwa limesogea kaskazini kabisa, adhuhuri hulikuta digrii 65 juu ya upeo wa macho. London hulipata kwa digrii 15 mwezi Desemba. Jua letu la kipupwe, basi, ni kali. Ila halifiki chini.

Hewa yenyewe siyo inayolizuia: ni naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21, na gesi hizo mbili huuacha mwanga upite karibu wote. Jua hupasha zaidi udongo, mabati na lami, kisha hivyo ndivyo vinavyoipasha hewa kutoka chini. Hewa yenye joto hupanda, hutanuka kwa kuwa huko juu shinikizo ni dogo, na hapo hupoa. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza nyuzi joto 6 hivi, kwa hiyo Mwiki, iliyo kwenye mita 1,500 hivi, haiwezi kuwa Mombasa hata siku ya anga safi. (Shinikizo hilo dogo ndilo pia linalofanya maji yachemke kwenye nyuzi 95 na githeri ikawie jikoni.)

Sasa ongeza upepo wa kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, ikapanda taratibu kupitia Ukambani hadi huku. Ikipanda hupoa, mvuke ukawa matone, na wingu bapa la kijivu likatanda. Juu yake huwa na tabaka la hewa yenye joto zaidi linalolizuia kukua likawa la mvua kubwa, hivyo hubaki palepale likitoa manyunyu. Likiwa nene, hurudisha angani nusu ya mwanga wa jua au zaidi. Anayetaka ushahidi apande gari la Naivasha: akishapita ukungu wa Limuru na kuanza kuteremka Bonde la Ufa, mara nyingi atakuta jua linawaka, kwa sababu hewa inayoshuka hupata joto na matone hukauka.

Usiku wingu hilohilo hugeuka blanketi. Ardhi hutoa joto lake kwa miale isiyoonekana. Mvuke, kaboni dioksidi na matone ya wingu huinasa, kisha hurudisha sehemu yake chini. Februari anga ikiwa safi, joto la mchana hupotea usiku, na alfajiri yake haipishani sana na ya Julai. Bila gesi hizo, wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Kaboni dioksidi yenyewe ni sehemu 420 na ushee kwa kila milioni ya hewa. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa 280 hivi. Yaani blanketi hilo la gesi limezidi uzito, na dunia inapata joto.

Wanaouliza dunia inapataje joto huku wao wakitetemeka wanachanganya mambo mawili: tabianchi husomwa kwa wastani wa miaka 30, si kwa kipupwe kimoja. Swali la maana zaidi kwa mwenye nyumba Mwiki ni la paneli za sola. Fundi akikupigia hesabu kwa jua la Februari, mwambie aipige upya kwa la Julai.